Kukaa, kuhama au kupanda: ulinganisho wa wachezaji watatu wa madaraja ya chini ya Uingereza

BekiTatu (Tanga):

Wanajukwaa, salaam. Mijadala yetu kuhusu soka la Uingereza huanzia na kuishia Ligi Kuu, kana kwamba chini yake hakuna watu wanaoishi kwa kucheza mpira. Chini ya Ligi Kuu ziko Championship, League One na League Two, kila moja ikiwa na timu 24, na chini yake tena iko National League ambako klabu nyingi huajiri wachezaji wa kulipwa. Mchezaji wa huko hucheza mechi 46 za ligi kwa msimu, nyingi zikiwa za Jumamosi alasiri na Jumanne usiku, na kwa kawaida mkataba wake humalizika tarehe 30 Juni. Mwezi Mei klabu hutangaza majina ya wanaobaki na wanaoachwa, na asiyeliona jina lake upande unaofaa huanza kupiga simu.

Naomba tulinganishe njia tatu kwa kuwatazama watu watatu, wote wamekwisha kustaafu.

Wa kwanza ni Dean Lewington, beki wa kushoto aliyezaliwa mwaka 1984. Ameitumikia Milton Keynes Dons (MK Dons) tangu jina hilo lilipoanza kutumika mwaka 2004 hadi alipostaafu mwaka 2025, akiwa amecheza zaidi ya mechi 900. Mwaka 2023 aliivunja rekodi ya John Trollope wa Swindon Town, ambaye kati ya mwaka 1960 na 1980 alicheza mechi 770 za ligi kwa klabu moja. Katika miaka yote hiyo ya MK Dons, Lewington aliionja Championship kwa msimu mmoja tu, ule wa 2015/16.

Wa pili ni Adebayo Akinfenwa, mshambuliaji mwenye mwili wa mbeba mizigo wa bandarini, aliyepita katika klabu 13 kuanzia FK Atlantas ya Lithuania hadi Wycombe Wanderers. Katika msimu wa 2003/04 alivaa jezi za Boston United, Leyton Orient, Rushden & Diamonds na Doncaster Rovers, zote ndani ya msimu huo mmoja.

Wa tatu ni Rickie Lambert. Liverpool ilimwacha akiwa na umri wa miaka 15, Blackpool nayo ikamwacha, akafanya kazi katika kiwanda cha bitiruti kwa pauni 20 kwa siku huku akifanya mazoezi na Macclesfield Town. Kutoka hapo alipanda kupitia Stockport County, Rochdale, Bristol Rovers na Southampton hadi akaichezea Uingereza.

Kipimo changu si sifa. Ninauliza: ni nani kati yao ambaye njia yake ungeikubali kama ungeambiwa mapema, ukiwa na umri wa miaka 18, kwamba Ligi Kuu huenda usiione kabisa? Mimi ninamchagua Lewington, kwa sababu watoto wake hawakulazimika kubadilisha shule kila Agosti.

Mwanamvita (Mombasa):

Kaka BekiTatu, ulinganisho ni mzuri, lakini mizani umeipinda tangu mwanzo. Kumweka Lambert katika orodha ya watu wa madaraja ya chini ni sawa na kumhesabu nahodha wa meli miongoni mwa wavuvi kwa sababu aliwahi kuvua. Tarehe 14 Agosti 2013, akiwa na umri wa miaka 31, aliingia Wembley dhidi ya Scotland na kufunga kwa kichwa alipougusa mpira kwa mara ya kwanza. Mwaka uliofuata alikuwa katika kikosi cha Kombe la Dunia, na Liverpool ile ile iliyomwacha ikamnunua kwa pauni milioni 4. Hiyo si njia ambayo kijana anaweza kuichagua.

Hata hivyo, kuna jambo moja katika safari yake ambalo hupitwa haraka. Southampton ilipomchukua Agosti 2009 kwa takriban pauni milioni 1, ilikuwa imeshuka League One, imetoka kuokolewa kifedha, na ilianza msimu ikiwa imekatwa pointi 10. Lambert alitoka Bristol Rovers iliyokuwa daraja lile lile, akiwa ametoka kufunga mabao 29 ya ligi katika msimu mmoja, na akakubali kuhamia timu iliyokuwa mkiani kwa hesabu za karatasi. Mabao 30 ya ligi aliyofunga msimu huo yalimfungulia kila mlango uliofuata. Kwa hiyo hakupanda ngazi kwa kuruka. Alihama pembeni, na mara mbili tatu alihama bila kupanda hata daraja moja.

Mhasibu_Kahama:

Ndugu zangu, tusizungumzie njia bila kuzungumzia mfuko. Agosti 2020, wakati viwanja vilipokuwa vitupu kwa sababu ya janga, klabu zilipiga kura kuweka kikomo cha matumizi ya mishahara: pauni milioni 2.5 kwa klabu ya League One na milioni 1.5 kwa klabu ya League Two. Chama cha wachezaji wa kulipwa, kilichoasisiwa mwaka 1907, kilipinga, na Februari 2021 jopo la usuluhishi likakifuta kikomo hicho.

Chukueni ile milioni 1.5 muigawe kwa wachezaji 22. Mtapata takriban pauni 68,000 kwa mwaka kwa kila mmoja, kabla ya kodi, na hicho kilikuwa kikomo cha juu cha klabu na si wastani wa kinacholipwa. Kwa mtu wa Kahama fedha hizo ni nyingi. Kwa mtu anayelipa rehani ya nyumba Uingereza, ambaye anajua kwamba kazi yake itakoma akiwa na umri wa miaka 34 na hana cheti chochote isipokuwa cha ukocha, ni mshahara wa kawaida unaolipwa kwa miaka michache. Kwa hiyo mimi ningepima kwa kitu kimoja tu: idadi ya siku za Julai ambazo mchezaji aliamka akiwa hana mkataba. Kwa kipimo hicho Lewington anawashinda wote, wala hakuna haja ya kupiga kura.

Mlowezi_MK (Milton Keynes):

Ninaishi mji huu, na ninaomba kuongeza jambo ambalo mwanzisha mada amelikanyaga bila kuliona. Amesema Lewington ni mfano wa kukaa. Ni kweli, lakini kijana huyo alianzia Wimbledon, kusini mwa London, na ndiyo klabu iliyohamishiwa hapa Septemba 2003, takriban kilomita 90 kutoka kwake, kisha mwaka uliofuata ikabadilishwa jina. Mchezaji hakuhama, klabu ndiyo iliyohama naye akiwa ndani. Mashabiki waliokataa uhamisho huo walikwisha kuunda AFC Wimbledon mwaka 2002, wakaanza upya kutoka madaraja ya mitaani, na hadi leo wapo wasiokubali hata kulitamka jina la timu yetu.

Uwanja wetu una viti 30,500, na katika mechi nyingi za League Two zaidi ya nusu ya viti hivyo huwa vitupu. Nimemwona Lewington akicheza Jumanne ya Januari, mvua ikinyesha kwa ubavu, mbele ya watu ambao ungeweza kuzisikia sauti zao mmoja mmoja. Nilikuwapo pia Agosti 2014, Manchester United ilipofungwa hapa mabao 4 kwa 0 katika Kombe la Ligi. Usiku ule ulikuwa mmoja. Zile Jumanne zilikuwa mamia, na mtu anayeichagua njia hii anachagua zile Jumanne.

Bi_Fumba (Unguja):

Wapendwa, ninashangaa tumefika hapa bila mtu kumtaja Adi Yussuf, mzaliwa wa Zanzibar aliyelelewa Leicester na kupita katika akademi ya Leicester City bila kufika timu ya kwanza. Baada ya hapo orodha yake inafanana na ratiba ya treni: Burton Albion, Lincoln City, Mansfield Town, Grimsby Town, Barrow, Solihull Moors, na mwaka 2019 Blackpool ya League One. Mwaka huo huo alikuwamo katika kikosi cha Taifa Stars kilichokwenda AFCON ya Misri.

Ninamtaja kwa sababu moja. Kaka BekiTatu anazungumza kana kwamba mchezaji huketi kitako akachagua kukaa au kuhama. Kwa mshambuliaji wa madaraja ya chini, kocha akifukuzwa mwezi Oktoba, kocha mpya huja na mshambuliaji wake, na wewe unapelekwa kwa mkopo kabla hujamaliza kufungua masanduku. Beki wa kushoto anayejua kazi yake anaweza kuvumiliwa na makocha kumi. Mshambuliaji aliyekaa mechi nane bila bao havumiliwi na hata mmoja. Je, tunalinganisha njia, au tunalinganisha nafasi za uwanjani?

OmeraKisumu:

Dada Bi_Fumba amesema kweli, na kwa kuwa ameleta wa kwao, nami nimlete wa kwetu. Clarke Oduor alizaliwa Siaya, akapitia akademi ya Leeds United, na tarehe 22 Julai 2020 aliifungia Barnsley bao la ushindi katika dakika za majeruhi kwenye uwanja wa Brentford, siku ya mwisho ya msimu, bao lililoizuia Barnsley kushuka kutoka Championship. Mtu angedhani bao la namna hiyo humnunulia kijana miaka kumi ya utulivu. Miaka mitatu baadaye alikuwa Bradford City ya League Two.

Agosti 2025 akapelekwa kwa mkopo Grimsby Town, na siku iliyofuata akaingia kutoka benchi katika mechi ya Kombe la Ligi ambayo Grimsby iliitoa Manchester United kwa penalti 12 kwa 11. Penalti yake iliokolewa. Baadaye ikabainika kwamba usajili wake ulikuwa umewasilishwa dakika moja na ushee baada ya saa sita mchana, muda wa mwisho uliowekwa, na klabu ikatozwa faini ya pauni 20,000, nusu yake ikiwa imesimamishwa. Huo ndio uhamaji ambao Bi_Fumba anauzungumzia: mtu anasajiliwa kwa kukimbizana na saa, na hata saa yenyewe inamkataa.

KipaMstaafu (Morogoro):

Vijana, nimewasoma wote. Hakuna aliyetaja njia ya nne, ambayo ni kuondoka mapema. Tarehe 8 Mei 1999 kipa Jimmy Glass, aliyekuwa Carlisle United kwa mkopo kutoka Swindon Town, alipanda kwenye kona katika dakika za majeruhi dhidi ya Plymouth Argyle na kufunga bao lililoibakiza Carlisle katika ligi. Ilikuwa mechi yake ya tatu tu pale. Muda si mrefu aliacha soka, akawa dereva wa teksi. Hakuwa mzee. Alichoka.

Mwanamvita:

Mzee KipaMstaafu, shikamoo. Mfano wako umenikumbusha kwamba hata anayetaka kukaa anahitaji klabu ya kukaa nayo. Bury ilipanda kutoka League Two mwaka 2019, na tarehe 27 Agosti mwaka huo huo ikafukuzwa katika ligi kwa sababu za kifedha, wachezaji wakiwa wamekwisha kucheleweshewa mishahara. Macclesfield, ile iliyompokea Lambert kutoka kiwandani, ilifungwa kwa amri ya mahakama Septemba 2020. Rushden & Diamonds, mojawapo ya klabu za Akinfenwa, ilivunjwa mwaka 2011. Lewington alikuwa mwaminifu, sawa, lakini pia alibahatika kuwa mwaminifu kwa klabu ambayo haikufa. Kijana wa Bury mwenye moyo ule ule aliamka akiwa hana jezi.

BekiTatu:

Ninawashukuru nyote. Ninakubali kumwondoa Lambert katika ulinganisho, kwa hoja ya Mwanamvita. Ninakubali pia kwamba nafasi ya uwanjani ina uzito ambao sikuupa, na kwamba nilimsifu Lewington kwa jambo ambalo nusu yake lilikuwa mikononi mwa wenye klabu. Hata hivyo, nusu iliyobaki ilikuwa yake: MK Dons iliposhuka daraja mwaka 2016, ikashuka tena 2018, na tena 2023, mlango ulikuwa wazi kila mara, naye hakutoka. Zaidi ya mara moja alikabidhiwa timu aiongoze kwa muda makocha walipoondoka. Ninabaki naye.

Mlowezi_MK:

Nami, jirani wa Lewington kwa mtaa, ningemchagua Akinfenwa. Mei 2016, Wembley, fainali ya mchujo wa kupanda daraja kutoka League Two, alifunga penalti ya mwishoni AFC Wimbledon ilipoishinda Plymouth 2 kwa 0. Kabla jasho halijakauka alisimama mbele ya kamera na kueleza kwamba kwa sasa hana kazi, na kwamba kocha yeyote anayemhitaji amtafute kwa WhatsApp. Alikuwa na umri wa miaka 34, umri ambao Mhasibu ametaja kuwa ndio mwisho. Wycombe ikamchukua, ikapanda daraja mwaka 2018, na Julai 2020 ikaishinda Oxford United 2 kwa 1 na kuingia Championship kwa mara ya kwanza katika historia yake. Alistaafu mwaka 2022, baada ya fainali nyingine ya Wembley, ambayo walifungwa na Sunderland.

Mhasibu_Kahama:

Ndugu Mlowezi, kwa hesabu zangu hiyo ni siku ya Mei bila kazi, na ameitumia vizuri. Lakini zihesabu pia zile za 2003/04, msimu wa klabu nne.