Wanafunzi wangu wanahesabu nyuso tatu tu za mchemraba!

MwalimuChaki: Habari za kazi, walimu wenzangu. Juzi nimechora mchemraba ubaoni, darasa la nne, nikauliza una nyuso ngapi. Nusu ya darasa: "Tatu!" Na kwa haki, ndizo wanazoziona. Nina kompyuta moja na projekta. Kuna programu ya kuligeuza umbo waone na nyuma?

Kitelezi: Jaribu GeoGebra, mwalimu. Ni ya bure, na tangu toleo la 5 la mwaka 2014 ina dirisha la vipimo vitatu. Chora mchemraba, chagua kifaa cha kuukunjua, utapata kitelezi. Ukikivuta, nyuso zote sita zinalala chini kama boksi lililopasuliwa. Lakini usivute wewe! Mpe mtoto kipanya, wengine wabashiri kwanza uso upi utaangukia wapi.

BibiKona: Mie naanza na boksi tupu mkononi, projekta baadaye. Mtoto asiyewahi kupapasa kona kwa kidole, kwenye skrini ataona picha inayozunguka tu. Wakishazoea waulize: mchemraba unakunjuka kwa namna ngapi tofauti? Ni 11. Wangu walifika 9, wakanuna.

MwalimuChaki: Ahsanteni sana. Leo nimefanya yote mawili, boksi kwanza. Mmoja kapiga kelele, "Kumbe zilijificha!" Sasa balaa ni silinda. Ina kingo mbili au haina hata moja? Wamebishana hadi kengele, nami nikajifanya natafuta chaki.