Watoto wa Bigwa: safari ya likizo

Jumatatu, 1 Desemba

Mama Imani 06:08
Habari za asubuhi familia. Shule zinafungwa Ijumaa. Watoto wanaenda kwa Bibi Jumapili tarehe 7 kwa treni ya SGR, mambo ya basi sitaki tena. Mwaka jana Juma alianza kutapika Mlandizi, tumefika Morogoro hakuna nguo safi hata moja. Naomba kila mzazi athibitishe LEO

Mama Imani 06:15
Hesabu hii hapa. Shani, Juma, Imani na Nuru nusu nauli, 6,500 kila mmoja. Kulwa na Doto hawajafika minne, bure. Wakubwa wawili 13,000 kila mmoja. Jumla 52,000 kwenda tu. Bado bajaji mbili kutoka stesheni Kihonda mpaka Bigwa

Mama Imani 06:16
Na kila nyumba 50,000 ya chakula. Mchele, maharage, mafuta, sukari, sabuni ya unga, gesi. Wale sita hawawezi kuishi kwa maembe ya Mama mwezi mzima

Mama Imani 09:40
Mbona kimya?

Mama Imani 09:41
Nawaona mmesoma

Baba Kulwa 10:22
Dada shikamoo. Hivi hawa wangu wanatimiza minne lini vile 😂

Mama Kulwa 10:22
Baba Kulwa!!

Baba Kulwa 10:23
Natania mke wangu. Tarehe 9. Safari tarehe 7. Mungu anatupenda sana

Mama Imani 10:25
Marahaba. Bure maana yake hawana viti Salum. Mimi nampakata Kulwa. Doto nani?

Baba Kulwa 10:26
Shani

Mama Imani 10:26
Shani ana miaka 11

Baba Kulwa 10:28
Mimi nilimpakata Zai kutoka Matombo mpaka Moro juu ya lori la ndizi, nina miaka tisa. Hakuanguka

Zai 10:31
Niliambiwa nilianguka

Baba Kulwa 10:31
Uliangukia ndizi

Mama Kulwa 10:32
🤣🤣🤣

Zai 10:32
😂😂 ndiyo maana mpaka leo sili mbivu

Mama Imani 10:40
Jamani NANI ANAMPAKATA DOTO

Mama Imani 13:05
🎤 0:21

Mama Imani 13:06
Samahanini, huyo Imani kachukua simu. Jino la mbele linacheza, analisukuma kwa ulimi kutwa nzima lakini hataki mtu aling'oe. Anasema sisi tunakaa ghorofa ya tatu hatuna bati, atalitupa juu ya bati la Bibi. Tangu jana hali mahindi wala muwa, anatafunia pembeni

Mama Kulwa 13:20
Maskini baba wa watu ❤️

Mama Imani 20:48
Siku imekwisha. Aliyethibitisha hakuna

Jumanne, 2 Desemba

Mama Kulwa 06:51
📷 Picha

Mama Kulwa 06:52
Wifi Zai uko zamu? Niangalizie tumbo la Doto. Nimempaka poda nikijua ni joto la Dar, asubuhi nakuta vimeongezeka

Zai 07:30
Ndiyo natoka zamu ya usiku. Wifi hiyo ni tetekuwanga. Angalia kile cha juu ya kitovu, kina maji kama tone la umande, na pembeni yake kuna vyekundu ambavyo bado havijajaa. Vipele vya joto haviji hivyo

Mama Kulwa 07:31
Mungu wangu

Zai 07:34
Usiogope. Mkate kucha fupi kabisa. Muogeshe maji ya uvuguvugu, mkaushe kwa kumgusagusa na taulo, usisugue. Akiwa na homa mpe panadoli ya maji kwa kipimo cha uzito wake. ASPIRINI USIMPE. Asitoke mpaka vyote vikauke viwe magaga, mara nyingi siku tano mpaka saba

Mama Imani 07:36
Basi Doto anabaki, wengine wanaenda. Na swali la kumpakata limekwisha

Zai 07:38
Dada subiri. Juzi Jumapili walikuwa wapi wote?

Mama Kulwa 07:39
Kwa Baba Shani. Walikuwa kwenye lile beseni kubwa uani, wote sita, tangu saa nne mpaka midomo imekauka kwa baridi

Zai 07:43
Mtoto anaanza kuambukiza siku moja au mbili kabla vipele havijatoka. Na anayeambukizwa vinamtokea baada ya siku 10 mpaka 21. Hesabuni kuanzia Jumapili. Tarehe 10 mpaka 21. Watakuwa kwa Mama

Baba Kulwa 07:50
Kwa hiyo Krismasi tunakula pilau na watoto wa madoadoa kama kanga

Mama Kulwa 07:50
😂 ila wewe

Baba Kulwa 07:51
Hata kuwahesabu itakuwa rahisi, ukikuta asiye na madoa ni wa jirani

Zai 07:53
Kaka nisikilize kidogo. Watoto kwa kawaida wanapona vizuri. Anayenipa wasiwasi ni mtu mzima ambaye hajawahi kuugua. Na mjamzito ambaye hajawahi kuugua asikae nao karibu, ni hatari kwake na kwa aliye tumboni

Mama Nuru 07:55
_Ujumbe huu umefutwa_

Mama Imani 07:56
Mama Nuru umefuta nini?

Mama Nuru 08:10
Nimekosea kikundi

Zai 08:11
Dada Mama Nuru nimekuandikia pembeni

Mama Imani 12:30
Mimi nauliza jambo moja tu. Tiketi za Jumapili zinakwisha. Nikate au nisikate? Nataka majina kamili ya watoto na namba za NIDA za wakubwa wawili

Mama Imani 12:31
Baba Shani upo?

Mama Nuru 14:02
Nuru ataenda. Tena ni vizuri aende. Ila nywele zake mtu asiziguse

Mama Imani 14:47
Haya yametoka wapi sasa

Mama Nuru 14:48
Nimesema tu

Mama Imani 14:50
Yalikuwa mapunye Mama Nuru. Yalikuwa mabaka matatu nyuma ya sikio. Wanalala mkeka mmoja, wanabadilishana kofia. Ningengoja nini?

Mama Nuru 14:58
Sijasema hayakuwa mapunye. Siku ile nilikuwa na simu mkononi tangu asubuhi dada. Saa nane ulinitumia picha ya Imani anakula muhindi. Nyuma yake Nuru amekaa kwenye kinu, kichwa cheupe. Ndivyo nilivyojua. Zile nywele nilizisuka mwenyewe kila Jumamosi tangu ana mwaka mmoja

Mama Nuru 14:59
Namba yangu unayo

Baba Kulwa 15:03
Jamani si zimeota na sasa hivi zimejaa kuliko za

Mama Nuru 15:03
Salum nyamaza

Jumatano, 3 Desemba

Mjomba Matombo 05:12
MWAJUMA. NIMESOMA YOTE. MTOTO WA MDOGO WAKO UMEMTIA WEMBE MAMA YAKE HAJUI. MWAKA MZIMA UMEPITA MNAKULA SINIA MOJA. NILIKUWA NASUBIRI USEME MWENYEWE. HUJASEMA

Mjomba Matombo 05:19
LA PILI. DADA YANGU ANA MIAKA 74. MWEZI WA NANE NILILALA KWAKE. SAA KUMI ALFAJIRI NIKAMKUTA ANASHUKA VIDATO VYA CHOO AMESHIKA UKUTA KWA MIKONO MIWILI. MMEHESABU NAULI. MMEHESABU MCHELE. YEYE AMEHESABIWA NA NANI?

Baba Kulwa 06:40
Shikamoo Mjomba

Zai 06:41
Shikamoo Mjomba

Mama Kulwa 06:55
Shikamoo Mjomba 🙏

Mama Imani 07:44
Shikamoo Mjomba. Nimesikia

Mama Imani 07:45
Mama Nuru nakupigia

Mama Nuru 08:20
Niko kazini. Jioni

Mama 09:31
🎤 2:13

Baba Kulwa 09:40
Mliosikiliza tuandikieni, mimi niko barabarani

Zai 09:58
Naandika kama alivyosema, msije mkanisingizia. Mama anasema: "Nimesomewa. Tetekuwanga mimi niliugua Matombo nikiwa mdogo, nikalazwa juu ya majani ya mgomba. Na nyinyi wote watano mliugulia kwangu, mmoja akipona mwingine anaanza, baba yenu yuko safarini. Kwa hiyo msinitishe. Chandarua kikubwa nimeshakishona. Maembe ya nyuma yameiva, popo wanayamaliza usiku na mimi siwezi kupanda. Waje wote, na hao mapacha wakishakauka waje. Ila mwaka huu anibakie mkubwa mmoja. Goti langu halikunji." Halafu kanyamaza kama sekunde kumi, kuku tu wanasikika. Halafu anasema "Haya, salaam."

Mama Kulwa 10:04
Tumekusikia Mama yetu ❤️

Mama Imani 10:10
Basi tuseme sasa. Nani anabaki kwa Mama? Mimi likizo yangu inaanza tarehe 23. Naweza kuwapeleka na kurudi siku hiyohiyo

Zai 10:15
Mimi zamu mpaka tarehe 27, Dodoma hakuna wa kubadilishana naye. Ila kila jioni nitapiga video niwaangalie ngozi

Mama Nuru 10:31
Mimi mwaka huu siwezi. Mama anajua

Mama Kulwa 10:33
Mimi na Doto tumefungiwa ndani 😔 na Kulwa simtoi mpaka nione

Baba Kulwa 11:02
Naweza siku tatu. Tarehe 12 mpaka 14. Embe nitaangua

Mama Imani 11:03
Na kabla ya 12? Na baada ya 14?

Mama Imani 11:30
Mama Shani si yuko likizo? Baba Shani muulize

Mama Imani 18:22
Baba Shani?

Baba Shani 23:16
Habari za usiku. Nimeona ujumbe. Tuko pamoja 👍

Alhamisi, 4 Desemba

Mama Imani 05:50
Tuko pamoja kwenye nini kaka?

Mama Imani 13:41
📷 Picha

Mama Imani 13:43
Limetoka. Shuleni, kwenye wali maharage, karibu alimeze. Mwalimu kalifunga kwenye karatasi ya daftari. Amekuja nalo amelishika ngumi mpaka kiganja kimelowa, kamwaga njiti zote za kibiriti mezani kwangu ili apate boksi

Mama Kulwa 13:50
Hongera Imani! Doto anacheka, mara ya kwanza tangu juzi

Zai 14:02
Lifungeni vizuri lisipotee kwenye treni

Mama Nuru 16:17
Nuru anauliza litatupwa bati la jikoni au la nyumba kubwa

Mama Imani 16:20
Imani anasema la jikoni. La nyumba kubwa ni juu, mwaka jana jino la Juma lilirudi chini

Mama Nuru 16:24
Amesema amngoje, watupe pamoja. Yeye hana jino, atatupa kijiwe

Mama Imani 16:31
Atamngoja mdogo wangu

Mama Imani 16:32
Kitana chake na mafuta yake uviweke kwenye mfuko peke yake uandike jina. Nikiwasuka nitakupigia video kwanza

Mama Nuru 17:15
Sawa

Mama Imani 20:05
Nimekata tiketi nne za watoto na yangu. Mtu mzima wa pili bado sijapata jina. Na hela ya chakula nimepokea ya Zai na ya Mama Nuru tu

Baba Kulwa 20:20
Yangu kesho asubuhi dada, kweli kabisa

Baba Shani 22:51
Nimetuma 30. Iliyobaki mwisho wa mwezi

Mama Imani 22:52
Nimeiona, asante kaka. Na kwa Mama anabaki nani?