Mwanangu wa fomu two anatafuna muguka usiku akisoma, kichwa chake kitarudi sawa kweli?

mama_kisauni:
Asalaam aleykum jamani, naomba mnisaidie manake sijalala vizuri siku tatu. Kijana wangu ana miaka 16. Tangu Ramadhani iishe naona taa ya chumbani kwake yawaka mpaka adhana ya alfajiri, nami nikafurahi nikasema huyu sasa amejua maana ya masomo. Juzi nafagia nikainua godoro, nikakuta kimfuko cha nailoni kina majani ya muguka, hii miraa ya majani, yaliyonyauka, maganda ya njugu na bablish. Nikachukua daftari lake la bayolojia nione huko kusoma kwenyewe, ukurasa wa moyo na mishipa ameunakili mara nne, ule ule mmoja, mistari imepigwa rula vizuri sana, na mtihani wa hiyo hiyo bayolojia ameanguka. Asubuhi aamka na hasira, chai hagusi, amekonda shingo. Nikimuuliza aniambia mama haya ni majani tu, yauzwa barabarani mchana kweupe, si unga wa kulevya. Na babake yuatafuna miaka ishirini sasa, nitamwambia nini? Ni majani tu kweli? Na kama kuna kilichoharibika, kitarudi?

nesi_changamwe:
Waaleykum salaam dadangu, pole sana. Si majani tu. Jani bichi lina kemikali iitwayo kathinoni, na umbo lake linakaribiana sana na amfetamini, ile dawa ya kuchangamsha inayofungia watu jela nchi nyingi. Umeshaona zile pikapu za miraa zinavyokimbia kama zimeiba? Ni kwa sababu kathinoni haikai, baada ya siku mbili hivi inageuka kathini ambayo nguvu yake ni ndogo, mtafunaji anakwambia jani limekufa. Kwa hiyo anachotafuta mtoto ni hiyo kathinoni ikiwa ingali mbichi, na kwenye muguka anatafuna jani lenyewe na vikonyo laini, si kubandua ganda la kijiti kama miraa ya Meru, na bei ni ya chini, pesa ya chakula cha mchana inatosha.

Sasa kichwani. Kathinoni inasukuma dopamini itoke kwa wingi, na dopamini ndiyo kemikali ya kichwani inayouambia ubongo "hili ni muhimu, lirudie". Kwa mtu mzima hilo ni shida tayari, lakini ubongo wa miaka 16 bado uko kwa fundi. Sehemu ya ndani, ile inayotamani, inawahi kukomaa, na ile ya mbele nyuma ya paji la uso, inayosema ngoja kwanza, inaendelea kujengwa mpaka miaka 25 hivi. Katikati ya hapo ubongo unapogoa njia zisizotumika, na zile zinazotumika kila siku unazipaka mafuta ziende mbio. Ukiufundisha kila usiku kwamba kusoma hakuendi bila jani, basi njia hiyo ndiyo itakayopakwa mafuta. Ndio maana kumlinganisha na babake hakufai, mwenzake kama alianza utu uzima alikuwa na nyumba iliyoezekwa.

Na usingizi, nakuomba usiupuuze. Kijana wa umri huu anahitaji saa 8 mpaka 10, na alichosoma mchana kinashika akiwa amelala. Mwanao anasoma kisha anakinyima kichwa nafasi ya kuweka. Halafu moyo unaenda mbio, presha inapanda, njaa inakatika, ndio huko kukonda.

kijana_wa_likoni:
Mama huo ukurasa mara nne umenitoa machozi wallahi. Mimi nilianza na miaka 15, maskani na wakubwa. Handasi, yaani ule mchangamko wa jani, ikishika unaona una akili kuliko mwalimu, unaongea mipango mpaka mate yanakauka, halafu mkono unashika kitu kimoja hauachi, mimi nilikuwa napanga viatu vya nyumba nzima, napangua, napanga tena, saa nane ya usiku. Baada ya mwaka nikaanza kusikia watu wananisema nje ya dirisha na nje hakuna mtu. Hapo ndipo nikaanza tembe za kulala za kununua kichochoroni ili nishuke, na hizo ndizo zilinimaliza zaidi. Usimpige wala usimfukuze, mimi nilipofukuzwa nililala maskani, nikatafuna mara mbili. Muulize tu kwa upole kama anasikia sauti, au anahisi watu wanamfuata, na kama anameza tembe zozote, na akisema ndio usingoje wiki, mpeleke aonwe.
Nilipoacha, wiki za kwanza nililala kama mgonjwa na kila kitu hakina ladha, hata mpira. Ilichukua miezi. Lakini ilirudi, leo nafanya kazi na naweza kusoma gazeti mpaka mwisho.

wa_mbeere:
Mimi natoka Embu na nataka kusema kwa heshima, karo yangu yote ililipwa na muguka wa mama yangu. Mei 2024 gavana wa Mombasa alipopiga marufuku, na Kilifi na Taita Taveta wakafuata, nyumbani watu walilia, na Rais akasema marufuku hiyo haina nguvu, mambo yakaenda kortini. Lakini kwetu mtoto wa shule akishikwa anatafuna anachapwa na mzee yeyote anayepita. Mimi nikiuona mfuko huo kwa mtoto wa miaka 16 namlaumu aliyemuuzia, na ningeenda kibandani kwake leo hii na wazazi wengine watano.

mama_kisauni:
Ahsanteni, nimesoma yote mara mbili. Nimemuuliza, sauti hasikii, tembe hajameza, alhamdulillah. Ila nesi, binamu yake yuko Marekani apewa Ritalin kwa sababu hatulii darasani, na hiyo nayo yasemekana ni ya kuchangamsha. Mbona wao wapewa na daktari?

nesi_changamwe:
Swali zuri. Ndiyo, ni ya jamii hiyo na inagusa dopamini hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba yule amepimwa, ana tatizo la kutotulia lenyewe, anapewa kipimo kidogo kinachopanda polepole, saa ya asubuhi ili usiku alale, na daktari anafuatilia uzito na moyo wake. Mwanao anajipimia kwa shavu, usiku, na jani la leo si sawa na la jana. Na mtoto asiye na tatizo hilo akimeza tembe za binamu yake naye yumo hatarini vilevile. Ukitaka mtu wa kuongea naye, NACADA, wale wa serikali wanaopambana na dawa za kulevya, wana namba ya bure 1192. Anza na usingizi, mpe wiki mbili tatu kabla hujamdai alama, atakuwa mzito na mkali, usitishike. Na babake aongee naye yeye mwenyewe.

mama_kisauni:
Jana amelala saa nne, nimekaa nje ya mlango mpaka nikasikia anakoroma. Babake alirudi na mfuko wake kama kawaida, nikamsomea hapa yote, nilipofika pale kwenye nyumba iliyoezekwa akaniambia alianza na miaka 17. Akauweka mfuko juu ya friji. Mpaka saa hii uko pale pale.