Mtaalamu wa Dar, au mzazi ajifunze mwenyewe? Naomba ulinganisho

MamaNuru_Makorora
Asalaam aleikum wapendwa. Mwanangu ana miaka mitatu na nusu, ana usonji, maneno yake hayafiki kumi. Njia ya kwanza ni kumpeleka Dar kwa mtaalamu wa tiba ya usemi kila baada ya wiki mbili. Kutoka Tanga ni karibu kilomita 350, na akishachoshwa na basi hulia saa nzima. Njia ya pili, mtaalamu mwingine atanifundisha mimi: nirekodi video fupi tukicheza, nimtumie kwa WhatsApp, kisha tuitazame pamoja. Mama mkwe anasema hiyo ni kulipia maneno matupu. Mliopitia, nisaidieni.

BabaIdi
Masikio yamepimwa? Anzeni hapo, njia yoyote mtakayochagua.

BiZaina_Chumbageni
Mwanangu, mimi nilisafiri na mjukuu miezi minane. Mlango ukifungwa, mimi naachwa kwenye benchi nje. Mle ndani akawa anasema "mpira". Tukirudi nyumbani, kimya. Watoto wengi wenye usonji hupata tabu kuhamisha walichojifunza kutoka sehemu moja kwenda nyingine.

Siku nilipoitwa ndani ndipo nilipojiona. Nilikuwa namhoji kama polisi: "Hii nini? Sema gari. Sema!" Nikafundishwa nikae jamvini, uso wangu usawa wa wake, nifuate anachokipenda yeye. Akizungusha kifuniko cha sufuria, nami nazungusha changu. Tukimenya chungwa, nampa kipande kimoja tu, kinachofuata nakishika aone, nanyamaza, nahesabu moyoni hadi kumi. Kule kunyamaza kulinishinda kuliko yote. Wiki ya tatu akanitazama machoni akanyoosha mkono. Nililia. Miezi minane ya nauli sikuwahi kuona hilo nyumbani kwangu.

Mwl_Kombo
Bi Zaina, shikamoo. Kwa MamaNuru: njia ya video si maneno matupu. Uingereza walifanya utafiti kwa watoto 152 wenye usonji, wazazi wakitazama video zao na mtaalamu. Matokeo ya 2010 yalionyesha wazazi waliitikia watoto vizuri zaidi, na watoto wakaanzisha mawasiliano mara nyingi zaidi. Lugha iliyopimwa na wapimaji haikupanda sana, kwa hiyo usiahidiwe miujiza. Lakini walipofuatiliwa tena, matokeo ya 2016 yalionyesha faida haikuyeyuka.

Ipo njia ya tatu. Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya walezi, vikao tisa vya kikundi na ziara tatu za nyumbani, kwa watoto wa miaka 2 hadi 9. Uliza hospitali ya mkoa, Bombo, kama wana mtu anayeyajua.

Na jambo la Kiswahili chetu. Ukimuuliza "Unataka uji?", mtoto anayerudia maneno atakuja kukuambia "unataka uji" akimaanisha yeye ndiye anataka. Basi msemee kwa mdomo wake: "Nataka uji." Akisema "maji", ongeza neno moja tu: "Nipe maji."

UmmuSalim_Bagamoyo
Mimi napingana kidogo. Nauza samaki, natoka alfajiri. Hizo video nitarekodi saa ngapi? Mambo haya yote yakiwekwa mabegani mwa mama, mama ataanguka. Sisi huku Dar ni jirani, namwacha mtaalamu afanye kazi yake.

BiZaina_Chumbageni
Ummu Salim, hilo ni kweli kabisa. Basi afundishwe anayebaki na mtoto. Kwetu ni mimi bibi, na dada yake wa miaka kumi ananizidi. Wala hatukai darasani: ni wakati wa kuoga, kula, kuvaa viatu.

UmmuSalim_Bagamoyo
Bibi yake anaongea Kidigo tu. Tuliambiwa tuache, mtoto atachanganyikiwa.

Mwl_Kombo
Msiache. Lugha mbili haziwadhuru watoto wenye usonji. Bibi aseme lugha inayomtoka moyoni.

MamaNuru_Makorora
Ahsanteni sana. Masikio yalipimwa, yapo salama. Nimeamua: video kila wiki, na Dar mara moja kwa miezi mitatu, kwa sharti nikae ndani. Jana usiku nilijaribu na chungwa. Nilifika saba akanishika kidole akakivuta kwenye kipande. Mama mkwe alikuwa mlangoni. Asubuhi nimemkuta amekaa naye jamvini, na chungwa lingine.