Mama anabadilishwa goti mwezi wa Juni: boma litaendeshwaje?

Mfugaji wa Ruai
Habari zenu wadau. Mama ana miaka 64 na amepangiwa kubadilishwa goti la kulia katikati ya Juni. Yeye ndiye anayekama ng'ombe wawili, kukata majani ya nepia na kubeba maji kwa mitungi. Kuku wa mayai wako 150. Aliambiwa "wiki sita", na hapo ameshika kabisa: anahesabu kwamba siku ya 43 yuko bomani na ndoo. Kazi ipi hurudi lini, na tutengeneze nini kabla hajalazwa? Udongo wetu ni ule mweusi. Mvua ikinyesha, gambuti hubaki matopeni.

Fizio wa Eastlands
Wiki sita ni za kutembea nyumbani bila fremu ya kushikilia. Si za ndoo.

Nyuzi hutolewa kati ya siku ya 10 na 14. Kabla kidonda hakijafunga na kukauka, asikanyage bomani hata kuangalia tu, maana kinyesi kikifika kwenye mshono ni hatari. Kuanzia wiki ya 6, akiwa na mkongojo, anaweza kuokota mayai kwenye viota vilivyo usawa wa kiuno. Kukama akiwa amekaa kitini, miezi 3. Mtungi wa lita 20 ni kilo 20. Huo na jembe vingoje miezi 4 hadi 6, na daktari aliyempasua aseme sawa. Goti jipya lenyewe halina shida. Linalochelewa ni paja. Mguu ukiteleza matopeni, paja ndilo hudaka mwili. Likishindwa, mtu huanguka na mfupa kuvunjika pale chuma kilipoingia. Upasuaji wa kurekebisha hapo ni mgumu kuliko wa kwanza.

Mazoezi ayaanze sasa: akaze paja sekunde 5, mara 10, asubuhi, mchana na jioni. Baada ya upasuaji aburute kisigino juu ya mfuko wa nailoni sakafuni mpaka goti likunjike digrii 90, kisha alinyooshe kabisa. Kosa ninaloliona kila mara ni mto chini ya goti. Unastarehesha, ila goti hugandia likiwa limepinda na mtu huchechemea. Mto ukae chini ya kisigino.

Uvimbe ndio kipimo: ukilala nao na kuamka nao, kazi ya siku hiyo ipunguzwe nusu. Akiwa kwenye dawa za kuzuia damu kuganda, msimnunulie dawa ya maumivu ya diklofenaki dukani, anaweza kuvuja damu. Shavu la mguu likivimba na kuuma, pumzi ikikatika, au mshono ukitoa maji au usaha, ni hospitali siku hiyo hiyo.

Daktari wa Mifugo
Anayemkamia aanze wiki mbili kabla, mama akiwa amesimama kando. Ng'ombe aliyezoea mkono mmoja humzuilia mgeni maziwa. Yanayobaki kiweleni huleta ugonjwa wa kiwele.

Chakula: kilo 20 za saileji (majani yaliyokatwakatwa na kufungwa bila hewa yachachuke) kwa kila ng'ombe kwa siku 90 ni kilo 3,600. Ikishindiliwa vizuri, mita moja ya ujazo hubeba kama kilo 600, kwa hiyo tafuta nafasi ya mita 7 za ujazo, ukihesabu na itakayoharibika. Kwa udongo wenu msichimbe shimo, litajaa maji. Tumieni mirija ya nailoni nene, ya geji 1000. Nepia inyaushwe siku moja kabla ya kukatwakatwa. Ikifungwa mbichi hutoa maji na kunuka. Funga kabla ya mwisho wa Aprili, ili iwe imeiva vizuri Juni.

Fundi Kamukunji
Choo kwanza! Kama ni cha shimo, hawezi kuchuchumaa. Mwambie fundi wa kuchomelea akutengenezee kiti cha bomba chenye tundu, urefu sentimita 48, miguu minne yenye raba, na vishikio pande zote mbili. Kigoda cha kukamia nacho kiwe hivyo hivyo. Cha sentimita 25 kitupe mbali. Kutoka mlangoni hadi bomani mwaga kokoto na simiti upana wa mita moja, na usiilainishe, ipige ufagio ingali mbichi. Gambuti zipande namba moja, na azivuliwe na mtu. Ile tabia ya kukanyaga kisigino kwa mguu mwingine huzungusha goti.

Mfugaji wa Ruai
Asanteni sana. Nilisahau: ng'ombe mmoja anazaa katikati ya Julai. Tusogeze tarehe ya upasuaji?

Daktari wa Mifugo
Msisogeze. Mkimkausha huyo, yaani kuacha kumkama, katikati ya Mei, Juni mtakuwa na mmoja tu wa kukama. Mkingoja hadi Agosti, mama ataanza kutoka nje mvua za Oktoba zikiwa zimefika. Ila siku ya kuzaa asikaribie kabisa, kwa sababu ng'ombe mwenye ndama hata aliyemlea humsukuma. Kijana awe na namba ya daktari wa mifugo wa karibu, na kwa siku tatu za kwanza amguse masikio. Yakiwa baridi na ng'ombe hasimami, ni kalsiamu imepungua mwilini. Apige simu hapo hapo, asingoje asubuhi.

Fizio wa Eastlands
Na mama awekewe kiti dirishani upande wa boma. Asipoona kinachoendelea, ataenda mwenyewe.