Tupeane uzoefu: safari ya jangwani ya jioni, Dubai na kwingineko, wewe ilikuwaje?

Mtoto wa Sinza (mwanzisha mada)

Habari za jioni wakuu. Shikamooni wakubwa.

Wabongo tunaokwenda Dubai tumekuwa wengi, wengine kwa ajili ya mzigo, wengine matembezi. Safari yenyewe ni hivi: gari linakuchukua alasiri, linapanda na kushuka vilima vya mchanga kwa kasi, halafu mnakula jioni kambini jangwani. Karibu kila anayerudi ana picha yuko juu ya ngamia. Ukimuuliza ilikuwaje, anakujibu "ilikuwa poa", basi. Nimefungua uzi huu tuelezane kwa kirefu, maana Januari nilimpeleka mama yangu na kuna mambo natamani ningeyajua mapema.

Mama ana miaka 63 na ana tatizo la mgongo. Wakala aliyetuuzia tiketi pale Deira, mtaa wa Dubai wenye maduka mengi, hakutuuliza chochote. Alipokea dirham 150 kwa kila mmoja, akaandika namba ya chumba, akatuambia tuwe tayari saa 9 alasiri. Gari lilikuja kweli saa 9, Land Cruiser, ndani tukakuta familia ya Kihindi ya watu wanne. Tukashika barabara ya Hatta mpaka Lahbab, ambako mchanga ni mwekundu kama kutu. Rangi ile inatokana na madini ya chuma yaliyomo kwenye mchanga wenyewe.

Lami ilipoisha dereva alisimama, akashuka, akachuchumaa kwenye tairi la mbele na kuanza kutoa upepo. Nilishuka kumwangalia. Tairi lililia muda mrefu, likalala, ubavu ukatanuka kwa nje. Akanieleza kwamba tairi gumu linachimba mchanga na kuzama, lililolegea linaukanyaga kwa upana na kupita juu. Alipima kwa geji, akaenda la pili, mpaka yote manne. Mama alikuwa dirishani anatazama. Akaniuliza, "Mwanangu, huyu anatupeleka wapi na matairi yameisha upepo?"

Nilipomtafsiria dereva, na kumwambia mama ana mgongo, alisimama akaacha kila kitu. Akasema mwenye mgongo, mjamzito na mgonjwa wa moyo hawapandi vilima vile, wakala alipaswa kutuuliza. Alipiga simu, likaja gari la mwenzake lililokuwa linapeleka vitu kambini kwa njia ya tambarare, mama akapanda hilo. Nusu saa niliyorushwa juu na chini na wale Wahindi nilikuwa namuwaza yeye tu. Nikamkuta amekaa kwenye mto, kahawa mkononi, tende zimeshapungua kwenye sahani.

Jua la Januari kule linazama karibu na saa 12. Mama aliswali magharibi nyuma ya kambi, juu ya mchanga mtupu, viatu vyake vimewekwa pembeni kwa adabu kama yuko mlangoni mwa msikiti. Alipomaliza, paji lake la uso lilikuwa na punje nyekundu. Hakuzifuta mpaka tumefika hotelini.

Hakupanda kilima hata kimoja kwa gari, na ndiyo siku anayoisimulia kwa kila mgeni anayeingia nyumbani. Karibuni, na nyie tupeni yenu.

Mzigo Kariakoo

Mkuu umenikumbusha mbali. Mimi nakwenda Dubai tangu 2016, na kwa miaka sita njia zangu zilikuwa zilezile: Deira, Naif, Dragon Mart, ofisi ya kago, uwanja wa ndege. Mwaka 2022 mzigo ulichelewa siku mbili, ndipo nikaenda jangwani.

Wakuu, sikilizeni hili la chakula. Nilikula biriani saa 7 mchana, la kushiba kabisa, na nikakaa siti ya nyuma. Kilima cha tatu hali ikawa mbaya. Gari linapanda mpaka unaona anga tupu mbele, linakaa juu sekunde moja, halafu linaanguka kwa ubavu na mchanga unafunika kioo. Nilitapika. Dereva alisimamisha gari, akanipa maji, tukasubiri tumbo litulie. Niliporudi mjini, mpaka asubuhi kichwa kilikuwa kizito. Kuleni kidogo, kaeni mbele, na mwenye tatizo la kusafiri ameze dawa ya kichefuchefu saa moja kabla.

Pili ni hela. Niliambiwa kila kitu kimo ndani ya tiketi. Kufika kule, pikipiki za magurudumu manne zinalipiwa, picha na kozi (yule ndege wa kuwindia) mkononi inalipiwa, hata meza za mbele karibu na jukwaa zinalipiwa. Nilitoa zaidi ya dirham 200 juu ya tiketi na iliniuma. Kabla hujalipa mwambie wakala aandike kwenye risiti kilichomo na kisichokuwemo. Akikataa kuandika, nenda duka la pili, pale Deira wako wengi.

Bint Mkunazini

Assalaam alaykum. Mie nataka kusema la hina, na naomba kina mama mlisome.

Sisi Unguja tunajua hina ni hina na piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea, ni piko. Hina ya majani inapakwa rangi ya kijani iliyokolea, ina harufu yake, inataka ikae masaa, na ukiitoa inaanza na rangi ya chungwa halafu inakolea kesho yake. Haiwi nyeusi palepale. Kambini tulikokwenda mwaka 2019 yule mpakaji alikuwa na rangi nyeusi ti, inakauka dakika kumi. Niliiona. Nilinyamaza kwa sababu binti yangu, alikuwa na miaka tisa, alikuwa amefurahi sana na ua lake kiganjani.

Siku ya tatu tuko nyumbani mkono ulivimba. Malengelenge yalifuata mistari ya lile ua, jani kwa jani, kama limechorwa upya kwa moto. Daktari alituambia ile ni kemikali ya rangi ya nywele, haifai kupakwa kwenye ngozi. Alama ilikaa miezi. Mpaka leo nikiona picha ile, yeye ananyoosha mkono kuonesha kamera, moyo unanikaza. Iulizeni, inuseni, na ikiwa nyeusi muondoke.

Mengine yalikuwa mazuri. Kuna yule anayecheza tanura, mchezo wa Misri, mwanamume anazunguka na sketi nzito ya rangi mpaka inasimama kama mwavuli, na anazunguka muda mrefu bila kuyumba. Asili yake ni kwa masufi. Nilikumbuka maulidi ya homu kwetu, zile safu zinavyokwenda pamoja. Kuna na mcheza tumbo pia, kwa hiyo ukiwa na wazee au watoto ujue kabla. Aliyekwenda Ramadhani aliniambia mwezi ule ngoma na mcheza tumbo huwa hawapo, kuna futari tu na utulivu.

Mama Kijani

Sisi hatukutaka kurushwa, tukachagua safari ya ndani ya hifadhi ya Dubai Desert Conservation Reserve, kilomita za mraba 225 zilizozungushiwa uzio. Ni ghali zaidi. Gari linakwenda taratibu, na tuliona choroa (oryx, wanyama jamii ya swala) weupe wa Arabuni kama kumi na mbili wakila majani makavu, pembe zimenyooka. Mwongozaji alitueleza kwamba wanyama hawa walimalizwa kwa bunduki, porini wakaisha kabisa mwaka 1972, wakarudishwa kutoka wale waliofugwa. Mwenye watoto wanaopenda wanyama, nendeni huko.

Kijana wa Kilifi

Salaam wandugu. Mimi nimefanya kazi kwenye kambi kama hizo misimu miwili, kwa hivyo nitawaelezea upande ambao mgeni haoni.

Tulikuwa tunafika saa 7 mchana. Kwanza unakung'uta mazulia, maana upepo wa usiku umeyajaza mchanga, halafu mito, halafu unapanga meza, unawasha makaa. Kuku na mishikaki inakuwa imeshatiwa viungo mjini. Wageni wakiingia saa 11 wanakuta kila kitu kimetulia, kumbe watu wamekimbia masaa manne. Saa 3 usiku magari yanaondoka kwa mstari, taa nyekundu zinapotea moja moja, jenereta linazimwa. Hapo ndipo jangwa linakuja. Kimya kile sijawahi kukisikia Kilifi, kwetu usiku bahari haiachi kusema. Kuna kambi zinazima taa dakika chache wageni wakiwa bado wapo, waone nyota. Kambi yenu ikizima, tafadhali zimeni na simu.

Kuhusu ngamia: anainuka kwa miguu ya nyuma kwanza, kwa hivyo utasukumwa mbele kwa nguvu. Egemea nyuma na ushike tandiko kwa mikono miwili. Akipiga magoti anatanguliza ya mbele, utasukumwa tena, egemea nyuma vilevile. Wengi huanguka wakati wa kushuka kwa sababu wameshaachia mikono wapigwe picha.

Desemba na Januari njooni na sweta. Watu wa pwani hatuamini kama jangwani kuna baridi, lakini kuna. Na Juni mpaka Agosti joto la alasiri linapita nyuzi 40, mtoto mdogo msimlete.

Sasa hadithi yangu. Usiku mmoja nilikuwa nagawa wali kwenye meza ya chakula, akaja mama mmoja wa makamo, amevaa kanga juu ya gauni. Nikasema kwa sauti ndogo, "Karibu mama." Alisimama na sahani yake. "Wewe wa wapi baba?" Nikamwambia Kilifi. Foleni ilikuwa ndefu nyuma yake, na sisi haturuhusiwi kukaa na wageni. Alikwenda kula. Magari yalipoanza kujaza watu alirudi mezani kwangu, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaniuliza mama yangu yuko hai, nikajibu yuko hai, akasema, "Mpigie leo." Nilikuwa na miezi kumi na moja sijaitwa baba na mtu. Kwa hivyo mkienda, ukimwona mhudumu sura ya kwetu, msalimie kwa Kiswahili. Tuko wengi.

Mtu wa Ruwi

Kijana wa Kilifi umenigusa. Nipo Muscat mwaka wa saba, naomba niwavushe mpaka Oman.

Huku jangwa letu ni la Sharqiya, wengi wanaliita Wahiba kwa jina la kabila lake. Kutoka Muscat mpaka Bidiya ni kama kilomita 200, barabara nzuri, na mji unaishia mchanga unapoanzia. Hatuna zile shamrashamra za Dubai. Tulikwenda wanne kazini kwetu, mwezi wa pili, tukafika kambi ndogo ya familia. Tunashuka kwenye gari, tunabishana kwa Kiswahili nani kasahau maji, mzee mwenye kanzu na kofia akatoka hemani akasema, "Karibuni jamani, maji yapo."

Tuliganda. Alizaliwa Wete, Pemba, akaondoka na wazazi wake akiwa mtoto baada ya mapinduzi ya 1964. Kwa wanaojua historia si ajabu, maana familia nyingi zilizohamia Zanzibar zamani zilitoka hukuhuku Sharqiya, Ibra na Mudhairib na vijiji vyake. Lakini kukisikia Kiswahili cha Kipemba katikati ya mchanga ule ni kitu kingine.

Alitupa halua na kahawa. Kikombe ni kidogo, kinatiwa nusu, na usipokitikisa huku na huku ukikirudisha, unamiminiwa tena. Mwenzetu mmoja hakujua, akanywa vikombe saba kwa heshima mpaka mzee akamfundisha. Halafu akatupandisha kilima nyuma ya hema, yeye peku, mzee wa miaka sitini na kitu, sisi tukamfuata tunahema. Jua lilikuwa limeshaingia. Akatuambia tukae, tuzamishe mikono. Mchanga wa juu umeshapoa, lakini ukizamisha mpaka kifundo cha mkono, kiganja kinakuta joto la mchana bado limo ndani. Akasema utotoni alikuwa akifanya hivyo ufukweni kule Pemba, na alipofika Oman akiwa hajui Kiarabu vizuri, alikuwa akija hapa jioni kufanya vilevile.

Tulikaa mpaka giza likawa zito. Hakuna aliyetoa simu.

Mtoto wa Sinza

Nimemsomea mama uzi wote. Ya Kijana wa Kilifi aliniomba nirudie. Bint Mkunazini, anasema pole sana, na yeye alipaka kambini, bahati yake ilikuwa ya kijani.

Mtu wa Ruwi, anataka kwenda Bidiya. Anauliza mtu mzima mwenye mgongo anafikaje kambini, kuna njia ya tambarare? Na huyo mzee bado yupo?

Mtu wa Ruwi

Njia ipo. Kambi ile iko pembeni, gari linapita bondeni polepole na halipandi kilima. Aje kati ya Novemba na Februari, na akae usiku mmoja asiharakishwe kurudi. Mwambieni dereva mapema kuhusu mgongo, siyo mkishafika.

Mzee yupo. Nimempigia leo asubuhi baada ya kusoma ujumbe wako. Kabla sijamaliza kumweleza habari ya njia, ameuliza mama ni mtu wa wapi.