Mrejesho: Muuzaji wa kiwanja aliyegeuka

Wakuu, niliuliza haki yangu ni ipi pale muuzaji aliyesaini mkataba na kupokea malipo ya awali alipogeuka, kisa kapata mwenye dau kubwa zaidi.

Wakili aliusoma mkataba, akaniuliza: unataka ardhi au hela? Ukitaka hela, unadai urejeshewe pamoja na fidia. Ukitaka ardhi, unaiomba mahakama imwamuru autekeleze mkataba. Nikachagua ardhi. Kabla ya barua yoyote akaweka pingamizi (zuio la kiwanja kusajiliwa kwa mtu mwingine) kwenye masijala ya ardhi, maana yule wa pili akiuziwa bila kujua na akasajiliwa, kazi inakuwa ngumu mno.

Ndipo ikaenda notisi ya madai. Jamaa akarudisha hela kwenye akaunti yangu, eti tumemalizana! Wakili akamjibu siku ileile: hatujakubali mkataba uvunjwe, na salio liko tayari. Hilo la salio lina uzito, kwa sababu mahakama huangalia kama mnunuzi naye yuko tayari kutimiza upande wake.

Sasa kaomba tukae mezani kabla ya kesi kufunguliwa. Nimekubali, ila pingamizi haliondoki mpaka asaini hati ya uhamisho.